Uliza Labo: peptidi za kununua ku intaneti

Tangu nigusie peptidi (vile vipande vidogo kama vya protini, minyororo mifupi ya asidi amino) kidogo mu toleo lililopita simu yangu haipumziki, barua zimetoka Kampemba mpaka Likasi, nimechagua nne juu zingine zote zinauliza kitu kile kile. Nimeziacha vile mlivyoziandika, kila mtu na Kiswahili chake.

Swali

Jambo sana Yaya. Miye niko mwanafunzi wa famasi hapa Lubumbashi, mwaka wa mwisho, memuare yangu iko juu ya magainini 2, ile peptidi ya chura, minataka kuona kama inaua stafilokoki benye tunatosha mu bidonda bya bagonjwa. Promoteri anasema nijitafutie mwenyewe pa kununua. Nimepata mbili ku intaneti. Ya kwanza banauzisha miligramu 5, bameandika 98%, bei chini kabisa, unalipa na kripto, na ku paje yao kuko picha ya mwanaume wa mikono minene. Ya pili haina hata bei, banasema tuma sekwensi na jina ya univerisite tutakutumia proforma, na proforma ilipokuya iko karibu mara tatu ya ile ingine. Na falanga ni yangu Yaya, hapana ya fakulte. Ninunue wapi?
D., Kampemba

Jibu

Mdogo wangu D., ile picha ya mikono minene imeshakujibu, wale wanauzia watu wa kujidunga sindano, na stafilokoki wako ni bakteria, hana misuli. Lakini sitaki uende kwa wa pili kwa sababu tu ni wa bei kali, bei kali nayo inadanganya, kwa hiyo ikala kidogo nikuonyeshe unachonunua.

Kwanza hakuna anayekamua chura. Magainini 2 ni mnyororo wa asidi amino 23 na inaungwa na mashine, ufundi ambao Bruce Merrifield wa taasisi ya utafiti ya Rockefeller kule New York aliutangaza mwaka 1963 na ukampatia Nobel ya kemia 1984. Wazo lake ni rahisi mpaka unacheka: unafunga asidi amino ya kwanza ku punje ndogo ya plastiki, unaleta ya pili inashika, unaosha, unaleta ya tatu, unaosha, ni kama mama anayetunga shanga ila uzi ameufunga ku musumari ili zisimuponyoke wakati wa kuosha. Mwishoni unakata na asidi kali inayoitwa TFA, mnyororo unaachana na plastiki, unakausha kwa baridi unapata unga mweupe mwepesi kama pamba. Kumbuka hiyo TFA, tutairudia juu inakula pesa yako.

Sasa shanga 23 ni mafundo 22. Kama kila fundo linashika kwa asilimia 99, ambayo ni kazi nzuri kabisa, mwishoni ni asilimia 80 tu ya minyororo iko kamili. Likishika kwa 97, unabaki na 51, nusu! Ile ingine yote ni ndugu zake wenye kukosa shanga moja ao mbili, wanafanana naye sura, wana karibu uzito sawa, na wamo ndani ya chungu kimoja. Kuunga njo kazi ya mashine, kazi ya fundi ni kuwatenganisha, wanapitisha mu HPLC, mashine ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika, na wanakata kipande cha katikati peke yake. Kila wakikata karibu zaidi wanatupa mingi zaidi, njo maana 98 inauzwa ghali kuliko 95 na 95 kuliko 70. Ndiyo unalipia, hapana herufi zenyewe (kila asidi amino inaandikwa na herufi yake).

Kwa hiyo mtu akikuuzia 98% kwa bei ya nyanya, swali si kwa nini ni rahisi, swali ni nani aliipima.

Hapa njo penye siri ya karatasi. Kila peptidi ya kweli inatembea na sertifika ya analize, na juu yake kunapaswa kuwa picha mbili, si moja. Ya kwanza ni kromatogramu ya HPLC, ule mustari wenye mulima mmoja mrefu na vilima vidogo pembeni, inasomwa mara mingi ku mwanga wa nanomita 214 ao 220, hiyo inakuambia usafi. Lakini mulima haukuambii jina la mtu! Unaweza kuwa na mulima safi wa 99% wa kitu kingine kabisa. Jina linatoka ku picha ya pili, spektrometria ya masi, yaani kupima uzito wa molekuli, na hiyo unaweza kuihakikisha mwenyewe na kalkileta ya simu ukiwa umeikala mu taksi-bisi. Magainini 2 ina uzito wa 2466.9. Mashine haionyeshi namba hiyo moja kwa moja, inaonyesha peptidi ikiwa imebeba protoni mbili, tatu, nne, kwa hiyo tafuta vilele karibu na 1234.5 na 823.3 na 617.7. Chukua 823.3, zidisha na 3, toa 3 za protoni, unaangukia palepale 2466.9. Ukiangukia 2338 na kitu ujue shanga moja ya lisini imeruka, walikuuzia ndugu mdogo.

Na namba ya loti, yaani ya chungu kimoja kilichotengenezwa pamoja. Namba ya ku sertifika iwe ile ile ya ku flakoni, ile chupa ndogo. Miye mwenyewe miaka fulani nilipokea peptidi mbili tofauti kwa muuzaji mmoja, nikaweka sertifika zao moja juu ya ingine mbele ya dirisha, kromatogramu zilikuwa picha moja, mpaka kale ka kilima kadogo ka kushoto kalikuwa palepale! Walibadilisha jina ya juu tu. Nilikuwa nimeshatumia moja kwa wiki tatu, bosi wangu aliniangalia tu hakusema kitu, ningependelea apige kelele.

Turudi ku TFA. Ile asilimia ya usafi inahesabu tu kile mwanga unaona kama peptidi, haihesabu maji wala chumvi ya TFA iliyogandamana na unga. Yako ina lisini 4, histidini 1 na kichwa cha mnyororo, jumla sehemu 6 zenye kupenda asidi, na kila moja inaweza kushika TFA moja yenye uzito wa 114. Sita mara 114 ni 684. Weka juu ya 2466.9, utaona zaidi ya tano moja ya ule unga ni TFA tupu, ongeza maji kidogo inayonyonywa na hewa, unafika kwamba miligramu 1 unayopima ku balansi ina peptidi kama miligramu 0.75 hivi. Na flakoni inaendelea kusema 98%, na haijasema uongo! Ni namba mbili tofauti, moja usafi, ingine kiasi halisi cha peptidi, na hiyo ya pili wauzaji wengi hawaiandiki mpaka uiulize. Iulize. Usipoiuliza, memuare yako itasema stafilokoki anakufa ku mikrogramu 64 kwa mililita kumbe ni 48, na jiri, wale walimu wa kukuhukumu, ikikuwa na mtu anayejua utasimama pale mbele unatoka jasho.

Kuhusu mfuko wako: hauhitaji 98. Kwa kazi ya bakteria 95 inatosha. Wanahesabu kwa herufi, yaani kama wakisema dola 4 kila asidi amino basi 23 ni dola 92 bila transporti, kwa hiyo waulize bei ya 95 na bei ya 98, linganisha. Na miligramu 5 ni mingi, usinunue 10. Mustari mmoja ku plake ya vishimo 96 ukianza na mikrogramu 256 kwa mililita, mikrolita 200, unatumia mikrogramu 51 tu, hata ukirudia mara tatu kwa bakteria kumi haufikii miligramu 2. Zinazobaki ni za kuharibu wakati wa kujifunza, na utaharibu.

Kitu kingine ambacho hakiko ku proforma yoyote: peptidi yenye chaji ya chanya kama hiyo inapenda kushikamana na plastiki ya polistireni, zile plake za kawaida zenye kuangaza. Unaweka 64 ndani ya kishimo, nusu inakimbilia ukutani, bakteria anabaki anacheka. Tafuta plake ya polipropileni, ile yenye ukungu-ukungu kidogo, na tibu za polipropileni pia.

Halafu usiandike mu konklizio kwamba umegundua dawa. Michael Zasloff alizipata magainini mwaka 1987 kwa kushangaa tu kwa nini vyura aliowapasua na kuwarudisha mu maji machafu vidonda vyao vinapona bila usaha, dunia nzima ikaruka kwa furaha, na miaka 12 baadaye, 1999, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikakataa pexiganani, ile krimu iliyotokana nazo kwa vidonda vya miguu vya watu wa sukari, juu haikuonyesha kwamba inapita dawa zilizokuwepo. Kwa hiyo chura ni mwalimu mzuri lakini tuende naye polepole.

Nunua kwa wa pili, ila kabla ya kulipa muombe sertifika ya mfano ya peptidi yoyote waliyotengeneza. Akisita, tafuta wa tatu.

Swali

Yaya habari ya kazi. Niko laborantini Likasi. Tuliagiza peptidi ya kazi ya antikorpsi, ikakwama siku 16, ilipofika barafu zote zilikuwa maji ya moto, na mimi nilipofungua boksi flakoni iko TUPU. Niliigeuza, nikaipiga-piga, hakuna kitu. Docta anasema tuandikie muuzaji arudishe pesa. Na kama iko ndani si imeshaoza?
Laborantini wa Likasi

Jibu

Ndugu, acha kwanza kuigeuza! Miligramu moja ya unga uliokaushwa kwa baridi ni kitu kidogo sana, mara ingine inakuwa ngozi nyembamba ku ukuta wa flakoni, mara ingine umeme wa mkononi unairusha mpaka ku kifuniko, na ukifungua na pupa unaipumulia mbali na unaandika barua ya malalamiko ukiwa umeivuta puani. Shika flakoni pembeni ya taa, izungushe polepole, utaona kama ukungu ao kama utando wa buibui. Halafu iweke mu sentrifuje, mashine ya kuzungusha kwa kasi, dakika moja mbili ikiwa imefungwa, inashuka chini, njo ufungue. Kama hauna sentrifuje ya kuingia flakoni, gonga chini yake ku meza polepole na uisimamishe usiku mzima.

Kuoza: hapana, siku 16 bila barafu haziui unga mukavu. Watu wanachanganya na ampule za ositosini za materinite, nayo ni peptidi, ambazo zinalala ku digri 2 mpaka 8, ile iko tayari mu maji na mu maji peptidi inazeeka haraka. Ikiwa kavu inavumilia joto la kawaida siku nyingi, hata wiki. Wauzaji wengi wanatuma bila barafu kabisa. Adui si joto ya Likasi, adui ni unyevu.

Na hapa wengi wanajiharibia wenyewe mu sekunde tano. Flakoni inatoka mu konjelatere ku digri −20, mtu ana haraka, anafungua palepale, hewa ya mwezi wa kwanza inaingia, unaona ukungu wa maji unashika ndani ya kioo kama chupa ya bia mu baa ya Kamalondo. Nilifanya hivyo na peptidi yangu ya kwanza kabisa mu majira ya mvua, kesho yake ule unga ulikuwa umekuwa kama asali mbaya. Toa flakoni, iache imefungwa ku meza saa moja mpaka ukiishika haisikiki baridi, njo ufungue. Saa moja! Kunywa chai.

Angalia sekwensi yako pia, yaani asidi amino zilivyofuatana, juu hazizeeki sawa. Ukiona sisteini, metionini ao triptofani, hizo zinakamatwa na oksijeni, ukirudia spektrometria utaona imeongezeka 16, hiyo ni atomu moja ya oksijeni imekuja kukaa. Asparajini na glutamini zinaharibika zenyewe mu maji polepole. Kama peptidi yako ina hizo, usiiweke mu maji mpaka siku ya kazi, na DMSO, ile maji ya labo ya kuyeyushia vitu vigumu, usiiguse kama kuna sisteini.

Kuyeyusha: usimwage mu PBS, ile maji ya chumvi ya labo, moja kwa moja kama vile unaweka sukari. Hesabu herufi. Lisini, arjinini na histidini zikizidi, jaribu maji safi kwanza, ikikataa ongeza asidi asetiki kidogo. Asidi ya aspartiki na glutamiki zikizidi, ni amonia kidogo, lakini si kama kuna sisteini. Zikiwa zote za mafuta-mafuta basi DMSO matone machache halafu maji pole pole huku unatikisa. Na chukua kipande kidogo cha kujaribu, usiyeyushe flakoni yote kwa ubishi. Ikishayeyuka gawanya mu tibu ndogo ndogo za matumizi ya mara moja, gandisha, tibu ikitoka hairudi.

Neno moja juu ya konjelatere. Zile za kisasa zisizoshika barafu zinajipasha joto zenyewe kila mara ili kuyeyusha, ni nzuri kwa samaki, mbaya kwa labo. Ile ya zamani yenye mulima wa barafu njo bora. Na juu ya delestaje, yaani umeme kukatwa-katwa, weka flakoni ndani ya chupa ya kufunga vizuri pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokutwa mu karatoni ya viatu, viwe vikavu, jaza konjelatere chupa za maji yaliyoganda, na usifungue mlango kila SNEL, kampuni ya umeme, ikikata kwenda kuona kama imeyeyuka. Ukifungua njo inayeyuka.

Mwambie docta aweke barua mu droo kwanza.

Swali

Yaya, ku duane niseme nini? Mwaka uliopita walinishikia kartoni ya labo mpaka nikachoka.
Papa E., Ruashi

Jibu

Fupi, Papa. Karatasi zikae nje ya kartoni mu mfuko wa plastiki, na kopi kwa transitere, yule anayekutolea mizigo ku duane, kabla ndege haijatua Luano, si siku kartoni imefika. Fakture yenye bei ya kweli, barua ya fakulte ao ya hospitali yenye tampo, sertifika ya analize, na fishi ya usalama. DGDA wa forodha anataka kujua thamani, OCC wa kukagua bidhaa anataka kujua ni kitu gani, wote wawili wanaogopa unga mweupe usio na jina na hata miye ningeuogopa. Kwa hiyo iandikwe wazi ku fakture, kwa Kifaransa: peptidi ya kutengenezwa kwa kemia, ya labo, si dawa ya mtu, haitoki kwa mnyama, haina kiambukizo. Kijana mmoja ninayemjua aliandika "ya chura" akafikiri anasaidia, wakamutuma kutafuta karatasi ya veterinere. Na usimwombe muuzaji aandike "zawadi" ao "dola 5", ikipotea njiani utalipwa hizo dola 5.

Wale wanaopitisha ku mpaka wa Kasumbalesa mu begi ya mtu, sina cha kusema, ila mukijua sertifika inabaki Zambia na flakoni inafika bila jina basi mumelipia unga wa nani?

Swali

Jambo Yaya, miye ni mama ya Katuba. Kuko dada mumoja anauzisha mu WhatsApp flakoni za kupunguza munene, anasema ni peptidi ya bazungu, iko bei ndogo kuliko ya famasi, na juu yake bameandika kwa Kingereza nikauliza mutoto wangu anasema ni "kwa utafiti tu". Dada anasema hiyo banaandika juu ya kukimbia takse. Banachanganya na maji banajipika sindano mu tumbo. Jirani yangu amepungua kweli. Miye niko na sukari, nakunywa metformini, je mbaya? Tena mama yangu anapikwa insulini, kuko mutu aliniambia insulini nayo ni peptidi, ni kweli? Na umeme ikikatika tuikamate namna gani?
Mama N., Katuba

Jibu

Mama N., asante kwa kuuliza kabla. Takse haiko mu hii habari hata kidogo.

"Kwa utafiti tu" maana yake ni kwamba aliyetengeneza hajafanya kazi ya dawa. Mwanafunzi D. hapo juu anaweka unga wake ku plake ya plastiki, bakteria hashikwi na homa. Wewe utashikwa. Dawa ya sindano inapaswa kuwa safi bila microbe hata mmoja, na pia bila vipande vya microbe waliokufa, vinaitwa endotoksini, na hivyo vipande ukichemsha maji havifi, ukichuja mu chujio ya labo vinapita, vikiingia mu damu unatetemeka na homa. Mu kiwanda cha dawa wanapima hiyo kila loti. Mu flakoni ya utafiti hakuna aliyelazimishwa kupima, juu hakuna aliyefikiria utaingiza mu tumbo ya mama wa Katuba. Na hata ku FDA kule Marekani wanapigana na hayo hayo, Desemba 2024 walituma barua za onyo kwa kampuni zilizokuwa zinauza semaglutidi, peptidi ya kupunguza unene, kwa jina la utafiti huku matangazo yao yanawasemesha watu wanene.

Semaglutidi yenyewe ni dawa ya kweli, sikatai. Asidi amino 31, imewekewa mukia wa mafuta ili isitoke mwilini haraka, ilipokelewa Marekani kwa ugonjwa wa sukari mwaka 2017 na kwa unene 2021. Lakini huo mukia njo hatari ya mu WhatsApp: dawa inachukua karibu wiki moja kushuka nusu tu, kwa hiyo ukikosea dozi leo unatapika mpaka wiki ijayo na hakuna wa kuitoa. Dozi ya kuanza ni robo ya miligramu, mara moja kwa wiki. Flakoni ya miligramu 5 ina dozi kama hizo 20 ndani. Dada amechanganya na maji kiasi gani? Amevuta mpaka mustari gani wa sindano? Na nani alimwambia ndani kuko miligramu 5 na si 3 ao 8 ao kitu kingine? Mumesoma mule juu mambo ya mulima wa HPLC na uzito wa spektrometria, mwambie dada akuonyeshe sertifika yenye namba ya loti ya ile flakoni. Hata akikuonyesha, bado haijapimwa endotoksini.

Jirani kupungua naamini. Mtu asiyekula anapungua. Mwambie tu akisikia maumivu makali ya tumbo yanayopiga mpaka mgongoni ao anatapika bila kupumzika aende hospitali na abebe ile flakoni, asiitupe kwa haya, daktari anaihitaji. Na wewe metformini yako usiiache kwa ajili ya flakoni. Ukitaka hizi dawa mpya muulize daktari wako, na dawa ya sindano ununue mu famasi, boksi yenye jina, loti na tarehe, iliyopita kwa ACOREP, mamlaka ya dawa ya Kongo.

Insulini, ndiyo, ni ya ukoo mmoja, asidi amino 51 mu minyororo miwili, watu wengine wanaiita peptidi wengine protini ndogo, tofauti hiyo ni ya kugombana walimu. Iko mu maji, kwa hiyo si kama unga wa laborantini wa Likasi. Flakoni ambazo hazijafunguliwa zinataka frigo ya kawaida, digri 2 mpaka 8, mu mlango ao katikati, mbali na barafu. Ile ambayo mama anatumia sasa inaweza kukaa nje ya frigo kama wiki nne kama nyumba haina joto kali na jua haliifikii. Umeme ikikatika siku mingi, chukua mitungi miwili ya udongo, mmoja mdogo ndani ya mkubwa, katikati weka mchanga na uloweshe maji asubuhi na jioni, funika na kitambaa chenye maji, weka pa kivuli penye upepo, insulini ndani ya mtungi mdogo mu mfuko mukavu. Inashusha joto vizuri wakati wa kiangazi, mu mvua kidogo tu.

Ila usiiweke mu konjelatere ukifikiri baridi zaidi ni bora. Ikiganda hata mara moja, hata kama imeyeyuka na inaonekana maji safi, mwaga, Mama, ununue ingine.